Jinsi ya kupiga picha za ndege wa baharini kwa karibu kwenye kisiwa kidogo

Mara ya kwanza nilipokanyaga kisiwa chenye ndege wanaotaga, nilishangaa kuona hawakimbii. Nilikuwa nimezoea ndege wa bara, wale ambao ukinyanyua kamera tu wameshapotea. Pale, buabua alikuwa ameatamia yai lake hatua nne kutoka njiani, ananitazama. Nikadhani amenizoea. Nikapiga magoti, nikasogea, nikasogea tena. Baadaye nilipokuza picha kwenye kioo cha kamera ndipo nikaona vizuri: shingo imenyooka, manyoya ya utosini yamesimama, mdomo wazi. Hakuwa ametulia hata kidogo. Alibaki kwa sababu yai halina miguu.

Nimeanza na hilo kwa kuwa ndilo linalobeba mwongozo wote huu. Kwenye kisiwa kidogo cha kutagia, ndege hana pa kuhamia. Upande huu bahari, upande ule jirani yake aliyetaga umbali wa mdomo kufika. Kwa hiyo ukaribu haupatikani kwa kumfuata. Unachagua mahali, unakaa, unatulia, kisha ndege mwenyewe anaupunguza umbali akitaka. Picha zangu nzuri karibu zote nilizipiga nikiwa nimekaa au nimelala chini.

Hatua ya 1: Ujue msimu, kisha omba ruhusa

Ndege wengi wa baharini nchi kavu huja kutaga na kulea tu. Kazi ikiisha, huondoka. Pafini wa Atlantiki ya Kaskazini, yule mfupi mweusi na mweupe mwenye mdomo wenye rangi ya chungwa, hufika visiwani karibu na Aprili, na mwishoni mwa Julai huwa ameanza kuondoka. Ukienda kisiwa cha Skomer (Wales) au visiwa vya Farne (Uingereza) katikati ya Agosti utakuta nyasi na mashimo matupu. Majira ninayoyapenda mimi ni kuanzia katikati ya Juni hadi katikati ya Julai, kwa sababu wazazi wanalisha makinda na wanarudi mara nyingi kwa siku, mdomo umejaa samaki. Majuma ya kuatamia nayaepuka, maana ndege aliyetaga juzi ni mwepesi kukisusa kiota chake akisumbuliwa.

Visiwa vya joto vina kalenda yao, na kila jamii ya ndege ina yake. Huko Shelisheli, yule buabua mweupe anayetaga yai moja juu ya tawi tupu bila kiota anaweza kuonekana akiatamia mwezi wowote, ilhali buabua wengine huja kwa maelfu katika msimu mmoja na kuondoka pamoja. Waulize walinzi wa kisiwa unachokiendea, usikisie.

Ruhusa nayo iulizie mapema, kisha uulizie tena siku chache kabla ya safari. Visiwa vingi vya aina hii ni hifadhi: vina saa za kushuka, njia zilizowekewa kamba, na sehemu ambazo hakuna anayeingia. Tena vinaweza kufungwa ghafla. Mwaka 2022 homa ya mafua ya ndege iliua ndege wa baharini kwa wingi kaskazini mwa Atlantiki, na visiwa vya Farne vikafungwa kwa watalii. Ukimkuta ndege mfu au anayeyumba, usimguse. Mjulishe mlinzi.

Hatua ya 2: Funga mizigo, na ukague mfuko

Watu wengi hubeba lenzi ndefu kuliko zote walizo nazo. Kwa kisiwa ambacho ndege wako mbali juu ya majabali, sawa. Lakini pale ndege wanapopita miguuni mwako, lenzi ya milimita 600 inakuwa mzigo wa bure, kwa sababu lenzi nyingi za namna hiyo hazifokasi (hazikionyeshi kikali) kitu kilicho chini ya mita nne hivi. Nimemwona mtu akirudi nyuma kinyumenyume akimkimbia pafini ili apate fokasi, na nyuma yake kulikuwa na viota. Lenzi inayovutika ya 100 hadi 400, au hata ya 70 hadi 200, inatosha kwa kazi karibu yote. Ongeza lenzi pana moja, kwa picha ya ndege pamoja na bahari na jabali analoishi.

Betri mbili za ziada, kadi za kumbukumbu zaidi ya unazodhani unahitaji, vitambaa vitatu vya kufutia lenzi, chupa ndogo ya maji baridi (yasiyo na chumvi), mfuko wa plastiki wa kuifunika kamera. Kofia ngumu, sababu utaiona mbele. Nguo za rangi iliyofifia, zisizopiga kelele upepo ukivuma. Stendi ya miguu mitatu mimi siibebi. Inachukua nafasi njiani na inakufanya usimame, na kusimama ndiko nisikokutaka. Mfuko wa kitambaa uliojazwa mchele au maharage, ukiwekwa chini, unaishika lenzi vizuri zaidi.

Kisha fanya jambo ambalo wengi huliruka: toa kila kitu kwenye mfuko, ukung'ute, upige brashi soli za viatu. Ndege hawa walichagua visiwa kwa sababu wanyama wanaokula mayai hawakuwako. Panya mmoja mwenye mimba aliyejificha ndani ya mfuko anatosha kuharibu kisiwa. Kisiwani Gough, kusini mwa Atlantiki, panya wadogo walioletwa na meli za watu hula makinda ya albatrosi, ndege wakubwa wa baharini, yakiwa hai kiotani. South Georgia, kisiwa kingine cha kusini mwa Atlantiki, ilitangazwa kuwa haina tena panya mwaka 2018, baada ya kazi ya miaka na gharama kubwa. Mbegu za magugu nazo husafiri kwenye nyuzi za soksi na bitana za mifuko.

Hatua ya 3: Ndani ya boti

Hapa sina mengi. Kaa katikati ya boti, usiegemeze kiwiko kwenye ukingo kwani mtetemo wa injini unapanda hadi kwenye lenzi. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, iwe 1/2000 ya sekunde au zaidi. Lenzi fupi itakusaidia kuliko ndefu. Kamera irudi mfukoni kabla ya kushuka: mikono yote miwili ni ya nahodha na ngazi ya gati, kwa sababu mwamba wa kisiwa cha ndege unateleza kwa mwani na kinyesi.

Hatua ya 4: Ukishuka, kaa kwanza

Wenzako wote watakuwa wameshaanza kupiga. Waache. Tafuta mahali pembeni mwa njia inayoruhusiwa, kaa dakika ishirini, uangalie mambo matatu.

La kwanza ni upepo. Ndege hutua akiwa ameuelekezea upepo uso, na huruka vivyo hivyo. Ukikaa upepo ukikupuliza mgongoni, kila anayekuja kutua anakuja akikutazama, mabawa yamefunguka, miguu imenyooshwa mbele. Ukikaa upande wa pili utapiga mikia siku nzima.

La pili ni jua. Likiwa mgongoni mwako, jicho la ndege hupata ile nukta ya mwanga inayomfanya aonekane hai. Pafini ana jicho dogo jeusi ndani ya uso mweupe. Bila ile nukta, jicho linazama. Siku ambayo upepo na jua vyote vinatoka upande mmoja ni siku ya bahati, usiiache. Visipolingana, mimi hufuata upepo kama ninataka picha za kuruka, na hufuata jua kama ninataka sura. Wingu jembamba lisikukatishe tamaa: ndege weusi na weupe hutoka vizuri zaidi chini ya wingu kuliko kwenye jua la saa sita.

La tatu ni njia zao. Utaona kwamba ndege wanaokwenda na kurudi hawapiti ovyo. Kuna mwamba ambao kila mmoja anatua kwanza kabla ya kutembea hadi kwake, na kuna kichaka ambacho wote wanakizunguka upande mmoja. Ukishaujua ule mwamba, umeshapata picha nusu. Jiweke mahali unapouona, na hakikisha hauko kati ya mwamba huo na viota. Pafini mwenye samaki akikukuta umekaa kati yake na shimo lake, atazunguka angani mara tatu, mara nne, na wakati huo shakwe wanamvizia wamnyang'anye. Kinda linabaki na njaa chini ya ardhi, na wewe huna habari kwa sababu hulioni.

Usitoke nje ya njia kwa hali yoyote kwenye visiwa vya mashimo. Ardhi inaonekana nzima, lakini chini yake kuna vishoroba vya pafini na vya ndege wengine wanaotaga shimoni, na mguu wa mtu mzima unaviangusha juu ya yai au kinda.

Hatua ya 5: Jifunze kumsoma

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu kamera nzuri haikufundishi hili.

Ndege aliyetulia ana kazi zake. Anachambua manyoya, anasinzia, anageuza yai, anagombana na jirani. Ukimwona anafanya hivyo ulipo, basi hapo ulipo panamfaa. Akiacha kazi yake akakutazama, amekuona kama tatizo. Usisogee tena. Akinyoosha shingo, akainuka juu ya yai, akageuza mwili kama anayetaka kuondoka, umeshavuka mpaka. Rudi nyuma kwa njia ile ile uliyojia, polepole, ukiwa umeinama, hadi alalie yai tena. Kelele zikianza kusambaa kutoka kwa mmoja kwenda kwa jirani zake, usingoje. Kundi zima linaweza kuinuka kwa pamoja.

Na likiinuka, hasara huja haraka. Kwenye visiwa vya joto mzazi haketi juu ya yai kulipa joto tu; mchana kazi yake ni kulitia kivuli. Yai likibaki wazi juu ya mchanga wa saa sita, uhai uliomo ndani haudumu muda mrefu. Shakwe nao wanajua. Nilishamwona shakwe akitembea nyuma ya kikundi cha wapiga picha, hatua chache tu, bila haraka. Wao wanawainua ndege, yeye anaokota mayai. Alikuwa ameshajifunza kuwa watu ni msaada.

Kuhema kwa mdomo wazi huchanganya wengi. Kwenye jua kali ndege hutetemesha koo ili kujipoza, na hilo ni la kawaida. Linganisha na wenzake walio mbali nawe. Kama nao wanahema, ni joto. Kama ni yeye peke yake aliye mbele yako, ni wewe.

Baada ya kumsoma, ndipo sogea kama njia inaruhusu: kwa mshazari wala si moja kwa moja, ukiwa chini, bila kumkazia macho, ukisimama kila baada ya hatua mbili. Kisha lala, viwiko ardhini, lenzi usawa wa jicho lake. Picha inabadilika pale pale. Ukimpiga kutoka juu unapata ndege na nyasi. Ukimpiga kutoka usawa wake, nyuma yake inabaki bahari iliyofifia au anga, naye anaonekana na hadhi yake.

Usikate majani yanayoziba kiota ili picha iwe safi, ndiyo yanayomficha. Usicheze sauti za ndege kwa simu. Usirushe droni. Fleshi usiitumie, hasa usiku, maana kuna jamii zinazorudi visiwani gizani tu na mwanga huzipoteza njia. Kibanda cha kujificha kikiwepo, kitumie. Kisiwa cha Ndege kilichopo Lambert's Bay, Afrika Kusini, kinacho kimoja kinachotazama maelfu ya ganeti, ndege wakubwa weupe wa baharini, na unafika kwa miguu. Ndugu wawili Waingereza, Richard na Cherry Kearton, waliopiga picha ya kiota chenye mayai mwaka 1892, walifikia hatua ya kujificha ndani ya ngozi ya ng'ombe iliyojazwa ikasimamishwa shambani. Vifaa vyao vilikuwa vizito na vya polepole, lakini walikuwa wameshaelewa kwamba ndege asipokuona ndipo anapokuwa yeye mwenyewe.

Hatua ya 6: Mipangilio ya kamera

Anza na mwanga, kwa sababu ndege wa baharini wengi wana weupe mwingi na kipima mwanga cha kamera hutaka kukifanya kila kitu kijivu. Ganeti mweupe mbele ya bahari nyeusi: kamera inaona giza, inaongeza mwanga, na manyoya yake yanaungua yakawa karatasi. Ganeti yule yule mbele ya anga jeupe: kamera inapunguza, naye anatoka kama kivuli. Ndege mmoja, makosa mawili, ndani ya sekunde tatu. Dawa ni kupanga mwanga kwa mkono. Jua likiwa kali, anza na ISO 400 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi) na kasi ya 1/2500, piga picha moja ya sehemu nyeupe kabisa, angalia kama onyo la kuungua linamweta kwenye kioo, rekebisha, kisha acha hivyo hata ndege akipita mbele ya nini. Wingu likija, panga upya. Hifadhi faili ghafi (RAW, picha ambayo kamera haijaichakata) pamoja na JPEG, ile ya kawaida.

Kasi: ndege aliyesimama, 1/500 inatosha. Ganeti anayeelea juu ya upepo, 1/1600. Pafini anapiga mabawa hadi mara 400 kwa dakika na anakuja kama jiwe lililorushwa. Chini ya 1/2500 mabawa yake yatakuwa ukungu.

Ukiwa karibu sana, tatizo linahama kutoka kwenye kasi kwenda kwenye kina cha fokasi. Kwa lenzi ya milimita 400, ndege akiwa mita tatu na tundu likiwa f/5.6, sehemu inayoonekana kali haizidi sentimita mbili. Jicho litakuwa kali na ncha ya mdomo imefifia. Funga tundu hadi f/11, au subiri ageuke ubavu ili jicho na mdomo viwe kwenye mstari mmoja. Fokasi iwe ya kuendelea, na kamera ikiwa na uwezo wa kutambua jicho la ndege, uwashe. Kwenye kundi lililosongamana uwezo huo hurukaruka kutoka kichwa hadi kichwa, hapo rudi kwenye nukta moja.

Hatua ya 7: Subiri tendo

Baada ya saa moja utakuwa na sura za kutosha. Kinachobaki ni matendo, na matendo hutanguliwa na ishara.

Ganeti akitaka kuondoka kiotani huelekeza mdomo juu mbinguni, shingo wima kabisa, akatembea hivyo katikati ya majirani. Ukiona hivyo, weka kidole kwenye kitufe. Mwenzake akirudi kutoka baharini, wanasimama kifua kwa kifua na kugonganisha midomo kama watu wanaocheza kwa fimbo. Ganeti wa Bass Rock, Uskoti, wanafanya hivi mchana kutwa.

Pafini aliyetua na samaki hasimami muda mrefu. Una sekunde mbili au tatu: anatua, anatazama kulia na kushoto, anakimbia shimoni. Piga pale anapotazama. Kuza picha baadaye uone samaki walivyopangwa kwa kukingama, vichwa huku na mikia kule, wamebanwa kati ya ulimi na miiba midogo iliyo kaakaani, ndiyo maana anaweza kufungua mdomo kuongeza mwingine bila kuwaangusha wa kwanza.

Buabua ndio watakaokushambulia. Wanatetea viota kwa kukushukia kichwani, na mdomo wao unatoa damu. Kofia ngumu ni kwa ajili hii. Hugonga sehemu ya juu kabisa, kwa hiyo kijiti kilichochomekwa kwenye mfuko wa mgongoni kikapita kichwa kinakuokoa. Usiwapungie mikono. Piga picha mbili tatu za shambulio kwa lenzi pana ukiwa unatembea, kisha uondoke eneo lao. Anayekushambulia yuko nje ya kiota chake, na kila dakika unayobaki ni dakika ya yai kuwa wazi.

Hatua ya 8: Ukirudi

Chumvi usiifute kavu, itachora kioo. Lowesha kitambaa kwa maji baridi kwanza, futa kamera na lenzi, kisha kausha. Viatu vioshwe kabla ya kwenda kisiwa kingine.

Unapozitoa picha hadharani, kiota cha ndege adimu usikitaje mahali kilipo, na uondoe alama ya mahali ndani ya faili.

Halafu pitia picha zote upya ukiangalia miguu tu. Ndege wengi wa visiwani wamevalishwa pete zenye namba, na lenzi yako huenda imeisoma bila wewe kujua. Wisdom, albatrosi wa kisiwa cha Midway kwenye Pasifiki, alivalishwa pete mwaka 1956 akiwa tayari mtu mzima wa jamii yake, na mwaka 2024 alitaga tena. Umri wake unaweza kukadiriwa kwa sababu namba ya mguuni ilisomwa na kuandikwa. Ukipata pete, kusanya picha zote za mguu ule, soma herufi na namba kutoka pande zote, andika tarehe na jina la kisiwa, uzipeleke kwa taasisi ambayo anwani yake imechorwa kwenye pete yenyewe.